Hormuz Imefungwa? Mwongozo Kamili wa Kuipima Habari Kabla Hujaiamini

Kiswahili kimetutega. Tumeuita mlango-bahari, na mlango akilini mwetu una bawaba, una komeo, una mwenye ufunguo. Ndiyo maana kila moto ukiwaka kule Ghuba swali linalozagaa ni lile lile: je, Iran inaweza kuufunga Mlango-Bahari wa Hormuz, ile njia nyembamba ambamo meli za mafuta hutokea Ghuba? Wapo wanaojibu kwamba ni kazi ya saa mbili tu, na wapo wanaoapa kwamba haiwezekani katu. Wote wanawaza mlango wa chumba.

Mimi ni mwagizaji wa bidhaa, sina cheo cha jeshi. Nguo natoa Uturuki, vipuri natoa Dubai. Somo hili nililipia mwishoni mwa 2023, pale kontena langu lililotoka Mersin lilipogeuzwa njia likazunguka Afrika nzima badala ya kushuka na Bahari ya Sham (vijana wanaiita Bahari Nyekundu). Lilipotia Dar es Salaam msimu wa kuuza ulikuwa umeshapita, na kwenye ankara kulikuwa na mstari mpya: ada ya dharura. Wakati ule hakuna serikali iliyotangaza kuifunga Babul-Mandab, mlango wa kusini wa bahari hiyo, wala hakuna meli ya mizigo iliyokuwa imezama. Kwa kontena langu, lakini, njia ilikuwa imefungwa.

Tangu hapo nina utaratibu wangu. Habari ya kufungwa ikiingia kwenye simu, naipitisha hatua kwa hatua kabla sijampigia mtu yeyote. Nauweka hapa kwa kutumia Hormuz, kwa kuwa ndiyo inayozungumzwa zaidi na ndiyo inayogusa mafuta yetu.

Hatua ya 1: Uliza umefungwaje

Nyumbani tunajua kwamba mlango si wazi au kufungwa tu. Unaweza kuegeshwa, ukaacha upenyo. Unaweza kushindikwa, ukaonekana umefungwa ilhali anayeusukuma anapita. Unaweza kukomewa. Na unaweza kuwekewa bawabu anayechagua nani aingie. Habari za baharini huita yote hayo kwa neno moja, "kufungwa", na hapo ndipo watu wanapopotezana.

Hormuz ya Juni 2025 ilikuwa mlango ulioegeshwa. Israel na Iran zilipigana siku 12, kuanzia tarehe 13 hadi 24. Meli ziliendelea kupita, baadhi zikisubiri kwanza nje kwenye Ghuba ya Oman kuona hali, mitambo ya kuonyesha mahali zilipo ikivurugwa, nauli zikipanda. Tarehe 22, baada ya Marekani kuvipiga vituo vya nyuklia vya Iran, bunge la Tehran liliunga mkono kufungwa kwa njia hiyo. Vichwa vya habari vikalipuka. Wachache walisoma aya ya pili: uamuzi wa mwisho haukuwa wa bunge, ulikuwa wa Baraza Kuu la Usalama wa Taifa. Kesho yake bei ya mafuta ghafi ilishuka kwa kiasi cha asilimia 7.

Bahari ya Sham tangu Desemba 2023 ilishindikwa. Wahouthi wa Yemen waliiteka meli ya Galaxy Leader tarehe 19 Novemba 2023, wakafuatisha makombora na droni, na kampuni kubwa za makontena zikageukia Rasi ya Tumaini Jema. Meli zilizothubutu ziliendelea kupita. Hapo pia palikuwa na bawabu, maana Wahouthi walitangaza ni meli za nani wanazozilenga, na baadhi ya meli zikaanza kuandika kwenye mitambo yao ya utambulisho kwamba mabaharia wote ni Wachina, kama mtu anayebisha hodi huku akitaja ukoo wake.

Kukomewa kwenyewe ni nadra. Dola ya Uthmaniya iliikomea Dardanelles, mlango-bahari ulio Uturuki ya leo, mwaka 1914 na Urusi ikakosa njia yake ya Bahari Nyeusi muda wote wa vita. Mfereji wa Suez ulikomewa na vita vya Juni 1967 ukafunguliwa Juni 1975, miaka minane kamili, na meli za Ulaya za kuja Mombasa na Dar es Salaam zikalazimika kuzunguka kusini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutazama kitenzi cha habari. Yatishia? Yapitisha? Yatangaza? Au imepiga? Vitenzi vitatu vya mwanzo havijafunga kitu.

Hatua ya 2: Fungua ramani

Hormuz inapobana kabisa ina upana wa maili za bahari 21, chini kidogo ya kilomita 40. Ukiufikiria mkondo unaotenganisha Unguja na bara, pale bahari inapokaribiana, hutakosea sana. Sasa ilinganishe na Dardanelles, ambayo kwenye Çanakkale ina kama kilomita moja na robo, au na Suez, ambako mwezi Machi 2021 meli moja, Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikaa kimshazari na kuzuia biashara ya dunia kwa siku sita. Hormuz huwezi kuiziba kwa kuzamisha meli. Hata ukizamisha kumi, kina kinatosha na nafasi inatosha nyingine kupita pembeni.

Meli haziruhusiwi kutawanyika kila mahali, hata hivyo. Zimepangiwa njia mbili, kila moja ya upana wa maili 2 za bahari, katikati ukiachwa ukanda mwingine wa maili 2. Zinazoingia Ghuba hupita ya kaskazini, zinazotoka na shehena hupita ya kusini, na pale kwenye kona kali njia hizo ziko ndani ya maji ya Oman, kaskazini mwa Rasi ya Musandam. Hiki ndicho kipimo ambacho wengi hukiona mtandaoni wakadhani ni upana wa bahari yenyewe. Ni alama za barabarani tu, na dharura ikitokea zinaweza kusogezwa.

Kisha tazama kingo. Dardanelles pande zote mbili zilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Hormuz ina Iran kaskazini na Oman kusini, na Oman kwa miaka mingi imekuwa jirani anayepatanisha. Ila Iran ina kitu ambacho ramani ndogo ya simu haikionyeshi: pwani ndefu yenye milima inayoshuka hadi majini, pamoja na visiwa vya Qeshm, Larak na Hormuz yenyewe, na ndani zaidi Abu Musa na Tunb mbili, ilizozichukua Novemba 1971 na ambazo Falme za Kiarabu zinazidai hadi leo. Meli haipiti kwenye hatari kwa dakika kumi kisha ikapumua. Inatembea saa nyingi ikiwa ndani ya shabaha ya mtu aliyejificha mlimani. Nikiulizwa kinachoifanya Hormuz iogopwe, nitataja pwani hiyo kabla ya kutaja wembamba.

Hatua ya 3: Jua kila silaha inafunga nini

Boti ziendazo kasi huteka meli moja moja. Iran iliiteka Stena Impero Julai 2019 kwa boti pamoja na helikopta. Ilipoitwaa MSC Aries, Aprili 2024, makomando wake walishuka kwa helikopta. Kutekwa huku huumiza mwenye meli na kutuma ujumbe wa kisiasa, lakini hakusimamishi njia. Droni na makombora yanatisha zaidi, na bado meli kubwa ya mafuta ni mnyama mgumu: ina vyumba vingi vilivyotengana, na mafuta ghafi hayalipuki kirahisi kama watu wanavyodhani.

Historia ya hili tunayo. Katika vita vya Iran na Iraq, hasa kuanzia 1984, pande zote mbili zilishambulia meli za biashara, zaidi ya 400 kwa jumla. Mabaharia walikufa. Njia haikufungwa, kwa sababu meli zilikuwa nyingi, waathirika walikuwa sehemu ndogo, na wanunuzi walikubali kulipa.

Bomu la kutegwa majini ni habari nyingine, na hapa nakuomba usome polepole.

Julai 1987 Marekani ilianza kusindikiza meli za Kuwait zilizobadilishiwa bendera zikapewa ya Marekani. Msafara wa kwanza ulikuwa na Bridgeton, meli ya mafuta ya tani 400,000. Tarehe 24, karibu na kisiwa cha Farsi, ikagonga bomu. Ilitoboka ikaendelea kwenda. Kilichofuata ni kituko cha kihistoria: manowari zilizokuja kuilinda zikajipanga nyuma yake, maana Bridgeton ilikuwa na uwezo wa kustahimili bomu la pili kuliko wao. Mlinzi akawa anajificha nyuma ya anayelindwa.

Aprili 14, 1988, manowari ya Marekani Samuel B. Roberts ikagonga bomu jingine, la muundo uliobuniwa mwaka 1908. Bomu la aina hiyo linakadiriwa kugharimu dola 1,500 hivi. Kuikarabati meli kulikula karibu dola milioni 90. Siku nne baadaye Marekani ikalipiza na kuzamisha au kuharibu vyombo kadhaa vya jeshi la majini la Iran.

Ubaya wa bomu la kutegwa ni kwamba halihitaji kulipuka ili kufanya kazi. Linahitaji kushukiwa tu. Mtu akiamini kuna mabomu matano, eneo zima lazima lisafishwe kana kwamba yako mia tano, na usafishaji huenda kwa mwendo wa konokono. Mwaka 1991 Iraq ilitega zaidi ya mabomu 1,000 mbele ya pwani ya Kuwait, na kuyaondoa kulichukua miezi hata baada ya vita kwisha na ramani za mategeo kutolewa. Huko Dardanelles, tarehe 18 Machi 1915, mstari mmoja wa mabomu uliotegwa usiku na meli ndogo ya Kituruki, Nusret, uliwazamishia Waingereza na Wafaransa manowari tatu kubwa kwa siku moja.

Kwa hiyo kwenye habari tafuta neno hilo kwanza. Habari ya "meli imetekwa" nitaisoma nikinywa chai. Habari ya "mabomu yametegwa", ikithibitishwa, itanifanya niinuke.

Hatua ya 4: Muulize mwenye bima

Hapa ndipo penye komeo la kweli, na watu wengi hawafiki.

Meli yoyote ina bima ya kawaida, na bima hiyo haihusu vita. Kule London kuna kamati ya watoa bima, inayoitwa Joint War Committee, inayotunza orodha ya maeneo ya hatari. Eneo likiingia kwenye orodha, mwenye meli anayetaka kupita hununua kinga ya ziada kwa safari hiyo moja, kwa kawaida ya siku saba, kwa asilimia fulani ya thamani ya meli. Na mtoa bima ana haki ya kutoa notisi ya siku chache tu na kusema bei ya jana imekufa.

Fanya hesabu mwenyewe. Chukua meli kubwa ya thamani ya dola milioni 100 iliyobeba mapipa milioni 2. Kinga ikiwa asilimia 0.2 ni dola 200,000. Ikipanda hadi asilimia 1 ni dola milioni 1, yaani nusu dola kwa pipa. Meli zinazoleta mafuta yaliyosafishwa kwetu ni ndogo zaidi, kwa hiyo mzigo kwa lita ni mkubwa kidogo: meli ya dola milioni 50 yenye tani 40,000 za dizeli, kama lita milioni 47, kwa asilimia 1 italipa dola 500,000. Dola ikiwa shilingi 2,500 za Tanzania, hiyo ni shilingi 27 hivi kwa lita.

Inauma, lakini haifungi bahari. Sasa fanya hesabu ya pili. Pipa lina lita 159. Bei ya dunia ikipanda dola 10 kwa pipa, lita inapanda kama shilingi 157 za Tanzania, au shilingi 8 za Kenya dola ikiwa 130, kabla hujagusa kodi. Kinachotupiga mfukoni ni hofu ya soko kuliko bili ya bima. Ukisikia mtu wa sheli akisema bei imepanda sababu ya bima ya meli, mpe karatasi na kalamu.

Bahari inafungwa pale mtoa bima anapokataa kutaja bei yoyote, au mwenye meli anapoona kwamba bei yoyote haitoshi. Na yupo mtu wa tatu asiyetajwa: baharia. Kwa mikataba ya kimataifa ya vyama vyao, eneo likitangazwa kuwa la vita baharia ana haki ya kukataa kwenda na kurudishwa kwao kwa gharama ya mwajiri, na akikubali hulipwa mshahara wa msingi mara mbili. Mwezi Machi 2024 meli ya True Confidence ilipigwa katika Ghuba ya Aden na mabaharia watatu wakauawa. Baada ya habari kama hiyo, asilimia haijalishi tena. Nahodha bila wafanyakazi haendi kokote.

Hatua ya 5: Sheria, kwa ufupi

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unasema nchi iliyo kando ya mlango-bahari wa kimataifa haina ruhusa ya kuzuia wala kusimamisha upitaji. Iran iliutia saini bila kuuridhia, na inashikilia kwamba haki hiyo ni ya wanachama tu. Marekani inayoitetea haki hiyo kwa manowari nayo si mwanachama. Wanasheria wanaweza kulumbana hapo hadi alfajiri.

Upo mlango mmoja ambao sheria yenyewe inaruhusu kuukomea kwa manowari: Bosphorus na Dardanelles, chini ya Mkataba wa Montreux wa 1936. Uturuki iliutumia mwishoni mwa Februari 2022 dhidi ya manowari za nchi zinazopigana. Meli za biashara hazikuguswa na kifungu hicho.

Faida ya sheria huonekana baadaye sana, kwenye fidia. Mwaka 1946 manowari mbili za Uingereza ziligonga mabomu katika mkondo wa Corfu, kando ya Albania, mabaharia zaidi ya 40 wakafa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta Albania na hatia 1949 na kuitoza zaidi ya pauni 840,000. Malipo yalikamilika miaka ya 1990. Usipange biashara yako kwa kalenda hiyo.

Hatua ya 6: Nani anajifungia nje?

Mwaka 2024 Hormuz ilipitisha mapipa milioni 20 hivi kwa siku, karibu moja ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani, pamoja na moja ya tano ya biashara ya gesi ya kimiminika, sehemu kubwa ikiwa ya Qatar. Zaidi ya pipa nane kati ya kumi za mafuta ghafi huelekea Asia: China, India, Japani, Korea Kusini.

Iran imo ndani ya mlango huo huo. Takriban mafuta yake yote ya kuuza hupakiwa kisiwani Kharg, na mteja wake mkuu ni China. Kuukomea kwa kila mtu ni kujikomea mwenyewe na kumkasirisha mteja. Kwa hiyo nikipima nia, natazama Kharg. Maadam meli zinapakia pale, Tehran ina sababu ya kuuacha mlango upenyo, au kuweka bawabu. Kharg ikipigwa na ikasimama, sababu hiyo inayeyuka, na ndipo mtu asiye na cha kupoteza anaposogelea komeo.

Njia mbadala zipo, ila hesabu zake hutiwa chumvi. Saudi Arabia ina bomba la kutoka mashariki hadi Yanbu lenye uwezo wa mapipa kati ya milioni 5 na 7 kwa siku. Abu Dhabi ina lake la kwenda Fujairah, bandari iliyo nje ya Hormuz, milioni moja na nusu hivi. Sehemu ya uwezo huo hutumika kila siku, kwa hiyo nafasi iliyo tupu ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Isitoshe, Yanbu iko Bahari ya Sham: mafuta yanayotoka pale kwenda Asia yanashuka hadi Babul-Mandab. Umekwepa mlango mmoja, umeingia wa Wahouthi. Kuwait na Bahrain hazina bomba la kutokea nje, na gesi ya kimiminika ya Qatar haina njia nyingine ya kutoka zaidi ya meli kupitia hapo.

Hatua ya 7: Hesabu meli mwenyewe

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, maana haihitaji kumwamini msemaji yeyote. Fungua MarineTraffic au VesselFinder, tovuti zinazoonyesha kwenye ramani meli ziko wapi; huduma ya bure inatosha. Siku ya kawaida zaidi ya meli 100 hupita Hormuz. Usihesabu zote. Tazama vitu vitatu.

Kwanza, nje ya mlango, mbele ya Fujairah na Khor Fakkan. Pale pana maegesho ya kawaida, lakini zikirundikana kuliko jana na juzi, wenye meli wanasubiri. Pili, mwelekeo. Meli za mafuta zilizojaa zikitoka huku tupu haziingii, bomba la biashara linakauka polepole, na utalisikia baada ya wiki kadhaa hata kama leo habari ni tulivu. Ukibonyeza meli utaona imezama kiasi gani majini; iliyojaa imezama sana, tupu imeinuka. Tatu, aina. Meli za gesi na makontena hukimbia mapema kuliko za mafuta ghafi. Zikibaki zile kuukuu zenye bendera za ajabu-ajabu, mlango umeshindikwa.

Tahadhari: vitani ramani hizi hudanganya. Mawimbi ya setilaiti yakivurugwa utaona meli zikizunguka duara jangwani au zimepangana mahali pamoja kama dagaa kwenye kichanja. Meli nyingine huzima mtambo makusudi, nukta ikapotea bila meli kuzama. Tarehe 17 Juni 2025, katika uvurugwaji wa namna hiyo, meli mbili za mafuta, Front Eagle na Adalynn, ziligongana karibu na mlango huo bila kombora lolote. Kwa hiyo linganisha na taarifa za UKMTO, ofisi ya jeshi la majini la Uingereza inayopokea ripoti za manahodha na kuziweka wazi kwenye tovuti yake. Lugha yao ni kavu, haina mbwembwe, na ndiyo uzuri wake. Video ya moto baharini isiyo na tarehe, iache ilipo.

Hatua ya 8: Lete hesabu nyumbani

Swali la kuuliza ni moja: shehena yetu imepakiwa bandari gani? Bandari za Ghuba hazilingani. Ruwais, Jebel Ali, Jubail, Ras Tanura na bandari zote za Kuwait ziko ndani ya Hormuz. Fujairah na Khor Fakkan ziko nje. Yanbu iko nje, upande wa pili wa Arabuni. Kwa ndugu walioko Maskati, Sohar, Duqm na Salalah zote ziko nje, na hilo katika wiki mbaya ni utajiri. Viwanda vya kusafisha mafuta vya India viko nje pia, ingawa sehemu ya mafuta ghafi yao hupita humo humo.

Kenya tangu 2023 inanunua kwa mkopo kupitia mkataba wa serikali na kampuni za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Uganda inaagiza kupitia shirika lake la mafuta. Tanzania inaagiza kwa pamoja kwa zabuni, na meli hizo hizo zinabeba pia ya Zambia, Kongo na majirani wengine. Meli inayoshusha leo ilipakiwa wiki kadhaa zilizopita kwa bei ya wakati huo. Ndiyo maana tangazo la bei la EWURA, mamlaka ya nishati ya Tanzania, la Jumatano ya kwanza ya mwezi, au la EPRA, mwenzake wa Kenya, la tarehe 14, huchelewa kuonyesha kilichotokea Ghuba, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Ukiona sheli imefunga pampu siku ya pili baada ya kombora, huo ni uhodhi. Hormuz haijafika huko bado. Na usijaze madumu ya petroli chumbani. Nyumba ikiungua hakuna atakayeilaumu Tehran.

Mkulima ana kalenda yake. Ghuba inauza mbolea ya urea kwa wingi, na bei yake hufuata gesi. Mlango ukishindikwa miezi miwili kabla ya msimu wako wa kupanda, mbolea ndiyo ya kukimbilia kuliko dizeli.

Kwa mwagizaji mwenzangu wa Dubai, fanya haya kabla mambo hayajaharibika. Soma bima ya mzigo wako: ya kawaida huacha vita nje, na kinga ya vita unayoongeza kwa kawaida inalinda mzigo ukiwa melini tu, si ukiwa umelala ghalani Jebel Ali. Kwenye mkataba wa nauli tafuta kifungu kinachomruhusu mwenye meli kukushushia kontena bandari nyingine na kukuachia gharama. Kipo karibu katika kila mkataba, kwa herufi ndogo. Mwambie wakala wako akupe, kwa maandishi, bei ya kupeleka mzigo kwa lori hadi Khor Fakkan au Sohar na kuupakia pale. Siku ya amani atakupa bei hiyo kwa dakika tano. Siku mlango ukishindikwa, malori yote yatakuwa yameshachukuliwa, na simu yake itakuwa inaita bila kupokewa.